Nilimlilia Mwizi wa Kwenye Filamu



Vijana wenzangu, mimi napenda filamu. Yaani napenda mpaka mama anasema Yesu akirudi atanikuta natafuta chaja. Na riwaya ndio usiseme. Nikianza sura moja usiku, Misa ya asubuhi inanikuta macho mekundu, na watu wanadhani nilikesha nikisali.

Wapo walioniambia niachane na mambo ya uongo. Huwa nawajibu haraka: mbona Bwana wetu alifundisha kwa hadithi? Baba wa mwana mpotevu hakuwa na anwani, lakini nani hajamfahamu? Papa Yohane Paulo II mwenyewe ujanani alikuwa mwigizaji na mtunzi wa tamthilia. Tena mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikani ilitoa orodha ya filamu 45 zenye thamani. Basi, nikapata kisingizio kitakatifu.

Katika orodha hiyo kuna filamu ya Italia ya mwaka 1948 iliyoongozwa na Vittorio De Sica, inayohusu wezi wa baiskeli. Antonio, baba maskini wa Roma, anapata kazi ya kubandika matangazo, na bila baiskeli hakuna kazi. Mkewe anaweka rehani mashuka ili waikomboe baiskeli yao. Siku ya kwanza tu kazini, inaibiwa. Anaitafuta mji mzima akiwa na mwanawe mdogo, Bruno. Mwishoni anakata tamaa, anaiba baiskeli ya mtu, na anakamatwa mbele ya macho ya mtoto wake. Mwenye baiskeli anamtazama yule mtoto, kisha anamwachia baba.

Nililia. Nililowesha mto, nikalala nikijiona mtu mwenye moyo wa huruma kweli.

Kesho yake jioni, kituo cha daladala, nikasikia "Mwizi! Mwizi!" Kijana wa umri wangu alikuwa chini, wanasema kachomoa simu. Mateke yanashuka. Unajua mimi nilifanya nini? Nilitoa simu nikaanza kurekodi. Hata nilisogea pembeni kidogo nipate picha nzuri.

Aliyeingia katikati ni mama ntilie, mwiko mkononi. "Mwacheni! Kama kaiba, mpelekeni polisi. Mnataka kuua mtoto wa mwenzenu?" Watu wakasita, na wazee wawili wakamuunga mkono. Yule kijana akapelekwa ofisi ya serikali ya mtaa akiwa hai. Kama aliiba au hakuiba, sijui mpaka leo. Lakini Antonio aliiba, mimi nilimwona, na bado nilimlilia.

Yule mama sidhani kama anamjua De Sica.

Mtakatifu Augustino, katika Maungamo yake, anakumbuka jinsi alivyokuwa akilia kwenye maigizo enzi za ujana wake, halafu anajiuliza hiyo ni huruma gani, maana mtazamaji haitwi kusaidia, anaitwa kuhuzunika tu. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza. Machozi yangu yalikuwa ya bei rahisi: Antonio hakuniomba chochote, wala hakuna ambaye angenigeukia na kunipiga mimi.

Je, niache filamu? Nimewaza sana, na jibu langu ni hapana. Mfalme Daudi alipotenda dhambi, nabii Nathani alimpelekea hadithi ya maskini aliyeporwa kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira, ndipo Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Kilichomwokoa Daudi ni kwamba hakuishia kuikasirikia hadithi, alikubali kuwa inamhusu, akatubu. Mimi niliishia kwenye machozi. Filamu ilikuwa imenipa zoezi, nami nikadhani nimeshafaulu mtihani.

Ile video niliifuta. Niliungama pia, na padre hakucheka, ingawa nilianza kwa kumsimulia filamu nzima.

Siku hizi, filamu ikinigusa, kabla sijazima taa najiuliza: mtu wa namna hii mtaani kwetu ni nani, na kesho nitamfanyia nini? Siku nyingine jibu ni dogo tu, salamu au sahani ya wali. Hebu jaribu na wewe wiki hii. Halafu nipe jina la filamu nzuri, maana tabia yenyewe sijaacha.