Na ya Kutolea



Kijana mwenzangu, leo naomba tuongelee maneno matatu ambayo kama una simu basi umeshayaandika, au umeshaandikiwa: "na ya kutolea". Yaani ukinitumia 20,000, weka juu yake na makato ya wakala, ili nikienda kutoa nishike 20,000 kamili. Tangu M-Pesa ianze hapa kwetu mwaka 2008, na wenzake wakafuata, sentensi hiyo imekuwa kama salamu. Nami nilikuwa naiona ni haki tupu. Hela yangu ni 20,000, kwa nini nipate 18,500?

Mwaka juzi nilikuwa mhazini wa vijana parokiani, huku Bagamoyo. Tuliandaa hija ya kwenda Pugu, kila mtu 20,000 kwa ajili ya gari na chakula. Nikaandika kwenye grupu: "Tumeni kwa namba hii, na ya kutolea." Tulikuwa 32. Wote wakatuma 21,500. Dada mmoja tu, anayekaanga mihogo na mama yake karibu na stendi, alituma 20,000 kavu. Nikamwandikia palepale, "Dada, umesahau ya kutolea." Hakujibu. Ile 1,500 iliingia kesho yake jioni.

Sasa, siku ya kutoa hela sikwenda kwa wakala mara 32. Nilikwenda mara moja. Makato ya kutoa hayapandi sawasawa na hela. Kiasi kikubwa kwa mkupuo mmoja hukatwa kidogo ukilinganisha na vidogo vidogo vingi. Nilikatwa 9,600. Piga hesabu: watu 32 mara 1,500 ni 48,000. Toa 9,600. Zikabaki 38,400 kwenye laini yangu, na hakuna aliyejua, maana nani atauliza ya kutolea imekwenda wapi? Jina lake tu linaonesha imeshaliwa.

Nikanunua bando. Nikanunua viatu, vya mtumba lakini vizuri. Pugu nikasali vizuri tu, na hata Njia ya Msalaba niliongoza mimi.

Kilichonizindua hakikuwa mahubiri. Miezi kadhaa baadaye nilikwenda soko la samaki, pale ufukweni, kununua changu. Nikamwambia mama anayeuza, shikamoo mama, sina keshi, nikurushie? Akasema, "Rusha mwanangu, lakini ongeza mia saba." Nikanuna. Nikamwuliza kwa nini mia saba na si elfu, maana wengine wanasema elfu. Akanionesha kwa mkono mashua zilizoegeshwa. "Kesho alfajiri pale mnadani hawataki simu, wanataka hela mkononi. Kutoa hii yako nakatwa mia saba na kidogo. Hicho kidogo nakusamehe. Nikichukua elfu, ile iliyozidi nitakuwa nimeuza nini? Sitaki cha mtu."

Nitakuwa nimeuza nini! Mama yule ni Muislamu, na sidhani kama amewahi kumsikia Mtakatifu Thomas wa Akwino. Lakini huyo mtakatifu, aliyefariki mwaka 1274, alijadili jambo hilohilo katika Summa Theologiae, kwenye swali la 77 la ile sehemu inayohusu haki, anapozungumzia ulaghai katika kuuza na kununua. Kwa maneno yangu mimi, anasema hivi: kama muuzaji anapata hasara kwa kuachia kitu chake, hasara hiyo anaweza kuiweka kwenye bei, hajamwibia mtu. Lakini kama hapati hasara yoyote, ila mnunuzi tu ndiye mwenye shida kubwa na kile kitu, basi kuongeza bei kwa sababu ya shida yake ni kumwuzia mtu kitu ambacho si chako. Shida ni ya mnunuzi, hukuitengeneza wewe.

Ukiishika hiyo, mengi yanafunguka. Hoteli za pwani, kuanzia huku hadi Mbweni, ziko zinazokuambia ukilipa kwa kadi utaongezewa asilimia kadhaa. Wageni hukasirika. Ukweli ni kwamba benki humkata mfanyabiashara sehemu ya kila malipo ya kadi, kwa hiyo gharama ipo kweli. Ulaya, tangu Januari 2018, sheria imekataza kumwongezea mteja kwa kadi za kawaida. Zamani nilidhani huo ndio ustaarabu. Siku hizi sina uhakika. Ukikataza kuisema gharama, haijafa. Inaingia kwenye bei ya chakula, na aliyekuja na noti zake mkononi, ambaye huenda hata kadi hana, anamchangia mwenye kadi bila kujua. Bora hata yule anayesema wazi, mradi aseme kabla sijala, na aseme kile anachokatwa, si zaidi. Hiyo "mradi" ndiyo inayotushinda wengi. Anakatwa kidogo, anadai kingi, na jina la benki linabeba lawama.

Mji wetu huu unajua habari hizi muda mrefu. Misafara iliyotoka hapa kwenda bara kutafuta pembe za ndovu ililipa hongo kila ilipopita kwa mtemi, vitambaa na shanga. Hongo wakati ule ilikuwa ushuru wa njia, haikuwa hii ya kufichwa mfukoni. Mfanyabiashara aliilipa, akaiweka kwenye bei ya pembe, akamsukumia mwingine. Ila mpagazi hakuwa na wa kumsukumia, yeye alibeba pembe zenyewe. Makato huenda hivyohivyo, kichwa hadi kichwa, hadi yamfikie asiye na mtu nyuma yake. Mtandao humkata mteja, mwajiri anayelipa vibarua kwa simu hatumi ya kutolea, kibarua anakatwa. Mbele ya kibarua kuna nani?

Tuliliona hilo kitaifa. Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kila mtu alitafuta wa kumtupia. Watu wengine wakarudi kubeba hela kwenye soksi na kumpa dereva wa basi. Serikali ikapunguza asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, ikapunguza tena mwaka uliofuata. Mimi nilipiga kelele sana kipindi hicho. Kumbe nilikuwa naisubiri zamu yangu ya kutoza.

Hata hekaluni Yerusalemu mambo yalikuwa hayo. Kodi ya hekalu ilitakiwa nusu shekeli ya aina fulani, na wabadilisha fedha walichukua nyongeza ndogo kwa kazi yao. Wayahudi waliiita kolboni. Kubadilisha fedha ni huduma, wahujaji walitoka mbali. Lakini tunajua Bwana alifanya nini na meza zile. Wataalamu wana maelezo yao mengi. Mimi nawaza tu kwamba mahali pale mtu alikuja kusali, na kabla hajasali ameshakutana na aliyejua kwamba hawezi kukwepa. Yule dada wa mihogo naye hakuwa na pa kukwepea. Asingetuma ile 1,500, hija angeikosa, au angekwenda akijua mhazini ana jina lake.

Nikaenda kitubioni. Nilijieleza sana: ni hela ndogo, walitoa kwa hiari, hakuna aliyelalamika, nami nilifanya kazi ya uhazini bure. Padre alinisikiliza, akaniuliza swali moja tu, umesharudisha? Katekisimu namba 2412 inalisema wazi, na Zakayo anatajwa humo: aliyechukua cha mtu arudishe. Zakayo alirudisha mara nne. Mimi hata hiyo moja nilianza kuipigia hesabu, maana kumrushia kila mtu 1,200 yake kungenikata tena.

Mwishowe nilirudisha keshi, Jumapili baada ya Misa ya pili, chini ya mwembe. Nikasimama mbele yao nikasema mgawanyo wa kweli ulikuwa 300 kila mtu, nami nilichukua 1,500. Mmoja alicheka, mmoja alisema nimpe Mama Maria, nikamwambia chukua kwanza, utampa mwenyewe. Wengine walinyamaza, na huo ukimya ndio ninaoukumbuka zaidi. Uhazini niliuacha.

Dada wa mihogo hakuwepo. Alikuwa ameshahamia Chalinze kwa shangazi yake. Nikampigia, nikamweleza yote, nikamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo. Akasema ile 1,500 alimkopa mama yake, na mama aliitoa kwenye hela ya mafuta ya kukaangia. Nikamwambia dada, narusha sasa hivi 1,200 yako.

"Sawa kaka," akasema. "Na ya kutolea."