Uraibu na Ukarimu

Maneno nayo husafiri, na mengine hufika yakiwa yamechakaa. Kwa wazee wetu wa pwani, uraibu ulikuwa tambuu na popoo alizoandaliwa mgeni barazani. Leo neno lilo hilo twalitumia kwa kijana aliyefungwa na heroini au pombe. Takrima iligeukaje pingu?

Swali hili lilinijia mbali na bahari, Rujewa wilayani Mbarali, katika nyanda za Usangu, mavuno ya mpunga yakimalizika. Mwenyeji wangu, mzee mzaliwa wa Iringa, alinisimulia habari za ulanzi. Mianzi michanga hukatwa ncha majira ya mvua, utomvu wake ukakingwa. Ukiwa mbichi ni mtamu, ukilala huwa mkali. "Mvua ikikata, ulanzi nao umekwisha," alisema. "Mwanzi wenyewe ulikuwa ukitupumzisha." Kisha akanionyesha kijana aliyelala kando ya mashine ya kukoboa mpunga. "Yule ni mwanangu. Kauza mpunga wa msimu mzima, kaunywa kwa siku tisa."

Siusifu ulanzi, nao umebomoa nyumba za watu. Lakini ulikuwa na msimu, na ulinyweka mbele ya macho ya wenzio. Kiroba hakikuwa na msimu wala shahidi: kilikaa mfukoni. Serikali ilipopiga marufuku pombe ya vifuko vya plastiki tarehe 1 Machi 2017, ilitenda haki. Lakini kiu haikomi kwa tangazo.

Basi lawama ni ya nani? Watasema kijana alianza kwa hiari yake. Ni kweli, ila uraibu huila hiari yenyewe. Kumwambia "acha" na kumpa kisogo ni kumdai alipe kwa sarafu aliyokwisha kunyang'anywa. Hata hivyo hiari haifi yote, maana wapo waliorudi. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili hutoa tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini. Na hapa Unguja zimekuwapo nyumba za upataji nafuu, ambamo aliyetangulia kupona humwongoza mwenziwe. Kote huko, mraibu hurudi akiwa ameshikwa mkono.

Nasi tumempa jina gani? Teja. Sikio la mshairi halikosi kusikia humo mteja, yaani mnunuzi. Ajabu yake, aliyemuuzia hatukumtafutia jina la kejeli. Huyo, akijenga nyumba, twamwita tajiri, na harusini twamwekea kiti cha mbele. Hapo ndipo lawama inapotufikia sisi tusioonja hata tone.

Jua lilipokuchwa nilimuuliza mzee atafanyaje.

"Nitamwamsha kabla ya baridi," alinijibu. "Ale kwanza. Maneno yatakuja kesho."

Akainuka, akaenda kumwamsha mwanawe.