Kelele Imeisha, Lakini Springi Je?

Andiko: Ezekieli 36:26, Wagalatia 6:1-2

Katika Ezekieli, Mungu anaahidi kuwatolea watu wake moyo wa jiwe na kuwapa moyo wa nyama. Angalieni vizuri: hasemi ataukarabati ule wa jiwe. Anautoa, anaweka mwingine.

Twende gereji kidogo. Juu ya injini, chini ya kile kifuniko, kuna roka na springi za valvu. Roka inasukuma valvu ifunguke, springi inairudisha ifunge. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 1,500, yaani mara 25 kwa sekunde moja. Roka ikilika utaisikia: ta-ta-ta-ta! Hata abiria wa kiti cha nyuma atauliza, "Dereva, ni nini hiyo?" Lakini springi iliyochoka mara nyingi iko kimya. Gari likiwa stejini linanguruma vizuri tu. Ngoja lijae majani chai, lianze kupanda mlima, dereva ashuke gia na kukanyaga mafuta. Hapo springi haiwahi kurudisha valvu, na nguvu inapotea. Ikikatika kabisa, valvu inaweza kugongwa na pistoni, na injini imekwisha.

Sasa kuna mwenye gari anayemwambia fundi, "Weka roka mpya, kelele iishe. Springi acha." Kifuniko kimeshafunguliwa, fundi yuko hapo, lakini yeye anataka kimya tu. Kwa hesabu ya biashara, hiyo si kuokoa pesa. Ni kukopa hasara.

Wapendwa, soko letu la Chepilat liko mpakani, Bomet huku, Nyamira kule. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba na maduka yalichomwa mpakani hapa, Wakipsigis na Wakisii wakakimbiana. Leo kelele imeisha. Tunauziana maziwa na ndizi, tunakaa benchi moja kanisani. Mungu apewe sifa! Lakini hiyo ni injini iliyo stejini. Mlima uko mbele, Agosti 2027. Jiulize: nyumbani, mtu akiwasema vibaya majirani kwa lugha yenu, ukijua hawasikii, wewe unakemea au unacheka?

Tujifunze mambo matatu kwa fundi.

1. Badilisha zote. Springi zimefanya kazi pamoja, zimechoka pamoja. Ukisema, "Yule jirani ni mzuri, si kama wenzake," umebadilisha springi moja na kuacha saba za zamani. Mungu hataki umsamehe mmoja uliyemzoea tu.

2. Shikilia valvu. Springi ikitolewa, valvu haina cha kuishika, inaweza kutumbukia ndani ya silinda. Kwa hiyo fundi huleta pistoni juu kabisa kwanza, ili valvu ikiachiliwa ikute kitu chini yake. Kanisa, sisi ndio pistoni hiyo! Paulo anawaambia Wagalatia wamrejeze aliyeanguka kwa upole na kubebeana mizigo. Mtu akikiri kwenye kikundi, "Mimi bado nina uchungu na watu wale," msimcheke, wala msipeleke habari zake sokoni. Mshikeni mpaka springi mpya iingie.

3. Pima nafasi. Vifaa vipya vikishafungwa, fundi huchukua fila geji na kuseti tapeti. Zikibana sana, valvu haifungi sawasawa. Zikilegea, kelele inarudi. Moyo mpya pia unapimwa, tena kwa vitendo.

Kwa hiyo kazi ya wiki ni hii. Kabla ya Jumapili, mtembelee mzee au mama mmoja wa upande ule mwingine. Kunywa chai yake. Muulize alipoteza nini wakati ule, kisha nyamaza usikilize. Usimjibu kwa kuhesabu vyako. Mwambie jirani yako: "Usimjibu!" Amina?

Tuombe: Bwana, tunakushukuru kwa utulivu uliotupa. Sasa fungua kifuniko, ondoa kilichochoka ndani yetu, utupe moyo mpya kabla ya mlima. Katika jina la Yesu, amina.