Nyumba Aliyoiacha Mama

Matanga yakishaanuliwa na wageni kurudi mijini, familia hubaki na nyumba. Wiki hiyohiyo, au mwaka mmoja baadaye kama wana subira, mtu mmoja atauliza: tuiuze, tuipangishe, au tuiache kama ilivyo? Nimewasikia Wakristo wengi wakiliuliza swali hili kwa sauti ya chini, kana kwamba kuuza nyumba ya mzazi ni kumzika mara ya pili. Wengine husema wazi kuwa ni dhambi. Mimi sioni kuwa ni dhambi. Lakini sikubaliani pia na wanaosema kwamba hayo ni mambo ya mali tu, kanisa lisiyaingilie.

Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kina jambo ambalo mahubiri yetu huliruka. Mtu aliyeuza nyumba ndani ya mji wenye ukuta alikuwa na mwaka mmoja wa kuikomboa. Mwaka ukipita, ikawa ya mnunuzi kabisa, hata yubile haikuirudisha. Nyumba ya kijiji kisicho na ukuta ilihesabiwa pamoja na shamba: iliweza kukombolewa, na yubile ikairudisha kwa wenyewe. Aliyezaliwa Machame, Marangu au Rombo haelezwi sana tofauti hiyo. Nyumba ya Dar es Salaam ni kuta na paa. Ya kihambani ni migomba, kahawa, na makaburi ya babu na bibi hatua chache kutoka mlangoni. Ya kwanza ikiuzwa ili kulipa deni alilokufa nalo mzazi, huko ni kumheshimu. Hata sheria inamtaka msimamizi wa mirathi alipe madeni kabla ya kugawa. Ya pili ukiiuza, unamkabidhi mgeni na makaburi.

Hata hivyo, kutoiuza peke yake si heshima. Pita vihambani mwezi wa Februari uhesabu kufuli. Nyumba hufunguliwa Desemba watoto wanapopanda kutoka mijini, hulaliwa wiki mbili, kisha popo hurudi darini. Tunasema tunamkumbuka mama, na mchwa wanaila miimo ya mlango wake.

Naifahamu familia moja ya watoto wanne. Wavulana watatu walikuwa mijini. Binti alirudi nyumbani mama alipopooza, akamwogesha na kumlisha kwa miaka sita. Baada ya maziko kaka mkubwa alitaka nyumba iuzwe na fedha zigawanywe mafungu manne yaliyo sawa. Kitinda mimba alikumbusha kuwa kwa mila nyumba ya wazazi ni yake. Wote wawili walikuwa na hoja, na wote walitaja haki. Ila fungu la robo kwa kaka lilikuwa gari. Kwa dada yao lilikuwa kukosa pa kulala. Mafungu yanaweza kulingana kwa shilingi na yasilingane kabisa kwa uzito.

Mtu mmoja alimwomba Bwana Yesu amwambie nduguye wagawane urithi. Alikataa kuwa mgawanyaji, akageuka kuonya juu ya choyo, kama tunavyosoma Luka 12. Wengi wetu huishia hapo na kuhitimisha kwamba mirathi haimhusu. Lakini Yohana 19 inamwonyesha msalabani, akiwa hana hata vazi la kuachia mtu, akihakikisha kwamba mama yake ana nyumba ya kwenda. Hakugawa mali, alimtafutia mtu mahali pa kukaa. Kwa hiyo nadhani swali la kwanza kikaoni si nani ana haki ya nyumba, bali nani atakosa pa kulala tukishaamua. Anaweza kuwa baba mjane, mjukuu yatima, au dada huyu.

Wapo watakaosema mabinti hawarithi. Wanawataja binti za Selofehadi, waliopewa urithi kwa kuwa baba yao hakuwa na mwana wa kiume. Wangesoma mpaka mwisho wa kitabu cha Ayubu: alikuwa na wana saba, bado akawapa binti zake watatu urithi pamoja na kaka zao. Na mahakama zetu zimekwisha kusema. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza ilikubali kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la baba yake kwa wosia angeweza kuliuza, mila ya ukoo ikimkataza au la, kwa sababu Katiba haibagui.

Ile familia ilikaa vikao vitano. Kitinda mimba ndiye aliyelegea kwanza, na kwa mujibu wa mila ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Waliandika kwamba dada atakaa humo maisha yake yote, kihamba hakitauzwa, na kahawa itakuwa yake kwa kuwa ndiye anayeipalilia. Wakawaita baba mdogo na mzee wa kanisa washuhudie, kisha wakaipeleka karatasi Mahakama ya Mwanzo, maana maneno ya kikaoni hufa na waliokuwepo. Kaka mkubwa alitia sahihi mwisho. Desemba mbili zimepita na hajapanda. Dada bado humtandikia kitanda.