Kabla Hujameza, Uliza

Tarehe 31 Julai 2021, siku ya mchujo wa mita 100 za wanaume katika Olimpiki ya Tokyo, Kenya ilikuwa na watimkaji wawili waliofuzu: Ferdinand Omanyala na Mark Otieno. Aliyekimbia ni mmoja. Sampuli aliyotoa Otieno siku tatu kabla ilikutwa na methasterone, steroidi iliyowahi kuuzwa Marekani kama kirutubisho cha kujenga misuli. Alisema hakuitumia kwa kujua. Hata hivyo alisimamishwa kabla ya mlio wa bastola, miaka yake yote ya mazoezi ikaishia hapo.

Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wa hapa Naivasha ninaowaona wakikimbia alfajiri kando ya barabara ya Moi South Lake, kabla mabasi ya mashamba ya maua hayajaanza kumiminika kutoka Karagita. Zamani kila mmoja angekwambia anataka marathoni. Tangu Omanyala alipokimbia sekunde 9.77 pale Kasarani, Septemba 2021, wapo wanaotaka mita 100. Wengi wao hawana daktari wa timu. Wana kemisti ya mtaani.

Na kemisti ya mtaani tunaijua sote. Unafika dirishani, unasema mgongo unauma. Muuzaji anafungua mkebe mkubwa, anahesabu vidonge, anavitia kwenye bahasha ndogo ya khaki na kuandika kwa kalamu: 2x3. Unalipa, unaondoka. Jina la dawa halimo kwenye bahasha. Kwa mtu wa kawaida hilo ni tatizo la kiafya ambalo pengine litapita. Kwa mwanariadha, hiyo bahasha isiyo na jina ndiyo ishara ya kwanza, na ndiyo tunayoipuuza kila siku.

Omanyala mwenyewe alipita karibu na njia hiyo. Mwaka 2017, akiwa bado anatafuta jina, alitibiwa maumivu ya mgongo. Sampuli yake ya tarehe 14 Septemba ikakutwa na betamethasone, akafungiwa miezi 14. Betamethasone si kitu cha kuuziwa gizani. Madaktari huitumia kupunguza uvimbe na maumivu, na imo katika krimu za ngozi zilizo katika nyumba nyingi. Hapo ndipo penye hatari, maana hatari hiyo haitishi. Inakuja na nafuu, tena mara nyingi kutoka kwa mtu anayekutakia mema.

Adhabu nayo haikuisha ilipoisha. Machi 2021 Omanyala alikimbia sekunde 10.01 jijini Lagos na kufuzu kwa Olimpiki, lakini mwanzoni akaambiwa hawezi kuchaguliwa, kwa sababu msimamo wa Kenya wakati huo ulikuwa kutompeleka yeyote aliyewahi kufungiwa. Alikuwa ameshatumikia marufuku yake yote, lakini akalipishwa upya. Mlango ulikuja kufunguliwa, akafika nusu-fainali kwa sekunde 10.00. Ni wangapi hawangekuwa na moyo wa kungoja?

Kama unadhani ni umaskini wetu unaotuponza, mtazame CJ Ujah wa Uingereza. Tarehe 6 Agosti, Tokyo hiyohiyo, alikimbia mkondo wa kwanza wa mbio za kupokezana vijiti, mita 100 mara nne. Waingereza walipata fedha, wakipitwa na Italia kwa sekunde 0.01 tu. Kisha sampuli ya Ujah ikaonyesha ostarine na S-23, dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Huyu alikuwa na madaktari na wataalamu wa lishe. Alikuwa amefundishwa kutumia virutubisho vilivyopimwa pekee. Lakini wakati wa korona aliagiza mtandaoni kirutubisho cha pauni 10, pesa ambazo wakati huo hazikuzidi sana shilingi 1,500 za kwetu. Baadaye alikiri kwamba alikuwa akipita njia ya mkato. Waliomhukumu walikubali kuwa hakukusudia kutumia pufya, wakamfungia miezi 22. Wenzake watatu, Zharnel Hughes, Richard Kilty na Nethaneel Mitchell-Blake, wakapoteza nishani zao pamoja naye bila kosa lolote. Hili la wenzake ndilo linaloniuma zaidi.

Sheria ya michezo ni ngumu, na kila kijana aijue mapema: kinachokutwa mwilini mwako ni chako, uwe ulijua au hukujua. Kutokujua kunaweza kupunguza adhabu, lakini hakufuti kosa. Na nani kati yetu atakayeapa kwamba hawezi kuteleza hapo? Mgongo ukiuma usiku, mimi na wewe tunataka nafuu. Hatutaki maswali.

Basi tujizoeze kuuliza kabla ya maumivu kuja. Mwambie daktari au muuzaji wa dawa, kabla hajagusa mkebe, kwamba wewe ni mwanariadha na unapimwa. Taka pakiti yenye jina, na uitunze. Ukiambiwa "hii ni ya asili tu" au "wenzako wote wanatumia", rudi nyuma, kwa kuwa anayekwambia hivyo hajajibu swali lako. Nanyi makocha wa shule zetu, msigawe poda ambayo hamkuisomea lebo, hata kama imetolewa na mfadhili. Kenya ina Shirika la Kupambana na Dawa Zilizopigwa Marufuku Michezoni, ADAK, na kazi yake ni pamoja na kuwajibu mnapokuwa na shaka. Na ikiwa ugonjwa wako kweli unahitaji dawa iliyopigwa marufuku, kipo kibali cha matumizi kwa ajili ya tiba. Daktari hujaza fomu pamoja nawe na kuambatanisha vipimo. Kwa kawaida kibali hicho huombwa kabla ya kutumia dawa, hivyo usingoje mpaka mpimaji awe amekukabidhi kikombe.