Mtoto Aliyenyimwa Mwanzo Mwema

Soma Yohana 9:1–7. Ni wazo gani limejificha ndani ya swali la wanafunzi kuhusu yule kipofu?

Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa bila kuona, nao wakataka kujua kosa lilikuwa la nani. Walidhani kwamba palipo na upungufu lazima pawe na mkosaji. Nasi hatuko mbali nao. Mtoto anapochelewa kusema, au anapofika darasa la nne bila kujua kusoma, tunauliza swali lile lile kwa maneno mengine: je, ni mvivu, au ndivyo ukoo wao ulivyo?

Fikiria habari ya watoto wa Romania. Mwaka 1966 serikali ya Nicolae Ceaușescu ilizuia utoaji mimba ili idadi ya watu iongezeke. Wazazi wengi hawakuwa na uwezo wa kulea watoto waliozaliwa. Utawala huo ulipoanguka Desemba 1989, ulimwengu ulikuta maelfu ya watoto katika vituo vya serikali. Hata pale walipopata chakula na kitanda, walikosa mtu wa kuwa wao. Walezi walipokezana zamu, na mtoto aliyelia hakujua nani angekuja, wala kama angekuja.

Baadaye watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walifuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest. Nusu yao, kwa kura, walipelekwa kulelewa katika familia. Katika umri wa miezi 54, wastani wa kipimo cha akili wa waliopewa familia ulikuwa 81, na wa kundi lililoachwa chini ya malezi ya vituo ulikuwa 73. Watoto wa mji huo huo waliolelewa na wazazi wao tangu mwanzo walipata 109. Tena, walionufaika zaidi ni wale waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili hivi. Kwa kuwa kura ndiyo iliyoyagawa makundi yale mawili ya vituoni, tofauti kati ya 81 na 73 haiwezi kuelezwa kwa damu ya ukoo wala kwa bidii ya mtoto.

Soma Zaburi 87:4–6 na Luka 12:48. Mafungu haya yanatufundisha nini kuhusu jinsi Mungu anavyomhesabu mwanadamu?

Bwana huandika hata mahali mtu alipozaliwa, naye hudai kwa kadiri ya kile mtu alichopewa. Sisi huona alama za mtihani tu. Yeye anajua pia usiku ambao mtoto alilia bila kuitikiwa. Tunaohukumu kwa kuona nusu ya habari tunapaswa kuwa wapole.

Lakini liko kosa la pili. Baada ya kujua chanzo cha udhaifu, tunaweza kusema, “Huyu ameshaharibika,” tukamwacha. Ni kweli kwamba 81 si 109. Upendo uliochelewa haukurudisha yote. Hata hivyo, 81 si 73. Na hakuna kipimo kinachoweza kumwondolea mtoto thamani ya kuumbwa kwa mfano wa Mungu (Mwanzo 1:27).

Yesu hakumtafuta mkosaji. Alisema kazi inapaswa kufanywa wakati wa mchana, kisha akainama, akafanya tope. Kwa mtoto mchanga mchana huo ni mfupi. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi, nasi mara nyingi tumefikiria fimbo. Miaka ile ya kwanza hudai zaidi mikono ile ile inayorudi kila siku: kumbeba, kumsemesha, kumwitikia anapolia. Mama aliyejifungua juzi na kesho anarudi sokoni hawezi kuyafanya hayo peke yake. Kanisa linalongoja mtoto afikie umri wa kukariri mafungu limechelewa.

Jadili darasani: Katika kanisa lako, ni nani mwenye mtoto wa chini ya miaka miwili ambaye hana wa kumsaidia? Darasa lako litafanya nini kabla ya Sabato ijayo? Je, yupo mtoto mkubwa au mtu mzima ambaye mmemhukumu kuwa mzito bila kujua alikotoka?