Udongo Ukiwa Bado Mbichi

Somo: Waefeso 2:19–22



Jumamosi iliyopita tulikuwa hapa Thornton Heath, nyuma ya nyumba ya mmoja wetu, tukijenga upya ukuta wa bustani ulioanguka. Mzee wetu fundi alitupa miiko tutandaze udongo, yaani saruji na mchanga vilivyokorogwa na maji. Tukatandaza mstari mrefu, tukajisifu. Akacheka: "Wanangu, mikono yenu haitaufikia kwa wakati. Tandazeni wa matofali matatu tu, mlaze, ndipo msogee."

Akatueleza sababu. Tofali kavu hunyonya maji, na upepo hukausha. Udongo ukishaanza kukauka, tofali litaonekana limekaa vizuri, lakini halitashika. Tandiko lienee chini ya tofali lote bila uwazi, na likishashindiliwa libaki na unene wa milimita 10.

Baadaye mmoja wetu aligonga tofali lililolazwa mapema, ili linyooke. Mzee akamzuia. "Hilo limeshaanza kushika, ukiligonga litaachia. Liinue, kwangua udongo wa zamani, weka mpya."

Wapendwa, Paulo anawaambia waliokuwa wageni kwamba sasa wanajengwa pamoja kuwa makao ya Mungu. Sisi je? Tunatandaza mbali: "Karibuni sana, tutawapigia!" Halafu zamu za usiku, watoto, kazi mbili. Mwaka huu familia moja iliabudu nasi Jumapili tatu, kisha ikatoweka. Namba yao tulikuwa nayo. Tulipiga baada ya wiki sita. Mama alitujibu kwa adabu, lakini udongo ulikuwa umekauka.

Tusijaribu kuligonga tofali hilo kwa salamu na mzaha. Sisi wauguzi tunajua kwamba kidonda husafishwa kwanza, ndipo kifungwe. Wiki hii wawili wetu watabisha hodi kwa mama huyo, si kumwalika ibadani, bali kumwomba msamaha. Huko ndiko kukwangua. Upendo mpya utafuata, naye yuko huru kuupokea au kuukataa.

Nasi sote, kila nyumba ichague nyumba tatu tu, tuzitembelee kabla ya mwezi kwisha. Tusiahidi zaidi ya hapo.

Ee Bwana, utusamehe ahadi zetu zilizokauka. Utufundishe kushikamana leo. Amina.